Meno ya Juu

Sura ya Sita

Jumamosi ile niliamka na hofu kabla hata sijakumbuka sababu yake. Nilikaa kitandani nikamsikia mama yangu akifagia baraza, nikasikia benchi zikiburutwa, na hapo nikakumbuka. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya mafundisho ya meno, na Mama Virginie alikuwa anakuja.

Wacha niseme wazi mapema. Nilikuwa nampenda Germain, fundi wa mota za boti pale bandarini, mpaka nikawa najionea aibu mwenyewe. Mwaka uliopita spana ilimponyoka ikampiga mdomoni, akaja kwenye kabine yetu, kliniki ya meno, na jino la mbele limevunjika. Nililijenga upya kwa saa nzima, na saa nzima hakuyaondoa macho yake usoni mwangu. Wiki iliyofuata alirudi akisema linakwaruza. Halikuwa linakwaruza hata kidogo. Kisha akaja kusafishwa meno, mwezi uliofuata akaja tena, na mwingine tena, mpaka baba yangu akamwambia, "Kijana, weye ukiendelea hivi utabaki na ufizi tu." Sidhani kama kuna mtu Kalemie nzima mwenye meno safi kama ya Germain wangu.

Sasa tulikuwa tumefika mahali pa kuogopesha. Kesho yake, Jumapili, baba zake wadogo walikuwa waje kujitambulisha kwa baba yangu. Mama yake, Mama Virginie, mjane, alikuwa ameshuka Alhamisi kwa boti kutoka Moba, kutoka kijiji cha juu kabisa milimani, ili anione kwanza. Kwao neno lake ndilo la mwisho. Alifika na taya limevimba, akalala siku mbili na homa, na Germain akawa anampelekea vidonge nilivyompa. Uvimbe ukipungua, nimtoe jino Jumamosi. Kila mtu aliona ni bahati kubwa: mkwe daktari wa meno, mama mkwe na jino bovu. Nitamtoa jino, atanipenda, kesho mambo yatakwenda.

Kila mtu aliona hivyo isipokuwa mimi, maana mimi ni kinkula.

Ndivyo watu wa milimani wanavyomwita mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kigoma wanamwita kigego. Majina ni mawili, hofu ni moja: wanasema mtoto huyo ameleta kifo nyumbani, na kila jino lake la utoto likidondoka, mtu wa ukoo anazikwa. Zamani mtoto kama huyo hakuachwa aishi. Siku hizi hakuna anayesema hivyo kwa sauti, ila unakuta mtoto hanyonyeshwi vizuri, hapelekwi chanjo, akiugua hakuna anayekimbia.

Nilipoota yangu mawili kule Baraka, bibi yangu alikataa kunibeba. Baba wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari wa meno. Alifunga mizigo, akatuleta Kalemie mimi na mama, akamaliza masomo kwa taabu, akafungua kabine hii mtaa wa Kataki. Na kila Jumamosi ya kwanza anawaita akina mama barazani, anawafundisha mswaki, sukari, fizi za wajawazito, na mwisho kabisa, bila kukosa, ananiita mbele. "Mnamuona huyu? Alianzia juu! Nani amekufa?" Wanacheka, nami nacheka na kuonyesha meno. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka saba. Mtaani wananitania "Meno ya Juu" na sijawahi kukasirika.

Lakini siku ile nilitamani nizaliwe upya bila jino hata moja.

Germain alinikuta nyuma, kwenye chumba kidogo tunakochemshia vyombo. Alikuwa amevaa shati la Jumapili siku ya Jumamosi.

"Keren, hukulala."

"Weye umelala?"

"Kidogo. Mama alikuwa analalamika juu ya jino." Aliufunga mlango kwa mgongo wake. "Umemuambia papa yako?"

"Nimuambie nini? Asiseme kile anasemaka kila mwezi, miaka yote hii?"

"Leo tu. Leo na kesho. Wazee wakisha kumaliza, mie mwenyewe nitamuambia mama pole pole."

"Pole pole mupaka lini, Germain? Mupaka nikuwe na mimba? Na mutoto wetu naye akianzia juu, utamufunika mudomo na kitambaa?"

Germain alichukua mkono wangu akaugeuza, akatazama kiganja kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mikono yake ilinuka mafuta ya mota hata baada ya sabuni, na mimi, mpumbavu, niliipenda harufu ile.

"Mie siogopi meno yako," alisema. "Unajua."

"Najua. Unamuogopa mama yako."

"Ndiyo. Ninamuogopa." Alisema bila kuona haya. "Papa alikufa nikiwa na miaka sita. Mama alilima peke yake, akauza maharagi, akanisomesha. Akiniambia hapana, Keren, sijui nitafanya nini. Sitaki kukudanganya. Sijui."

Nilitaka aniambie atanioa hata mbingu zianguke. Badala yake aliniambia ukweli. Nilimwambia aende akamlete mama yake saa tano, mafundisho yakishakwisha na watu wametawanyika. Asimlete kabla ya hapo.

Nilimkuta baba barazani akifuta vumbi kwenye jino lake kubwa la mbao, lile alilochongewa na seremala, kubwa kama kichwa cha mtu. Jina lake ni Éliézer, lakini mtaa mzima unamwita Papa Dokta. Nilikuwa nimebeba sinia ya vyombo. Vilikuwa vinagongana.

"Keren. Mukono inatetemeka, tunafanya nini?"

"Chombo chini, Papa."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kabine yetu. Niliweka sinia chini.

"Papa, leo usiniite mbele."

Alielewa papo hapo. Uso wake ulisawijika, nami nikajua ninamwomba kitu kikubwa.

"Juu ya mama ya Germain."

"Ndiyo."

"Mutoto wangu, mie nilitoka kwetu juu ya maneno ile. Ndiyo kazi yangu ile. Mswaki, muntu yeyote anaweza kufundisha."

"Siku moja tu, Papa. Ninakuomba. Ninampenda."

Sikuwahi kumwambia baba neno hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Sawa," alisema. "Leo sitakuita. Sitataja hata neno. Lakini kesho kutwa utafanya nini?"

Sikuwa na kesho kutwa. Nilikuwa na saa tano tu.

Mama Virginie alifika saa tatu.

Nilimwona akishuka kwenye pikipiki langoni, mrefu, mwembamba, kitambaa kimefungwa kutoka chini ya taya mpaka utosini. Germain nyuma yake aliinua mabega kunionyesha kwamba hakuweza kumzuia. Benchi zilikuwa tayari zimejaa akina mama. Nilijifuta viganja kwenye koti, nikaenda kumpokea kwa mikono miwili na goti.

"Njo weye Keren?"

"Njo mie, Mama. Karibu. Pole na jino."

Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu, taratibu, macho yakafika mdomoni yakakaa hapo. Mtu anayeumwa jino hutazama meno ya wenzake, najua, naona kila siku. Lakini nilibana midomo kama mwizi.

"Meno yako iko mazuri," alisema. "Yote njo yako?"

"Yote, Mama."

Alicheka upande mmoja wa mdomo, ule usiouma. "Germain aliniambia uko na haya. Sikuamini, dokta mwenye haya." Kisha akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. "Maharagi ya kwetu. Haya ya huku mjini hayaivi."

Nilimpenda. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu mpya. Nilikuwa nimejiandaa kumwogopa mama mkali, na mbele yangu alisimama mama aliyesafiri ziwani na homa huku amenibebea maharagi. Niliyaweka kwenye meza ya mafundisho, karibu na jino la mbao, nikamkalisha benchi ya mbele kwa sababu mama mtu mzima hakalishwi nyuma. Germain alikuwa anasubiriwa bandarini na mwenye boti. Aliniangalia mara moja, kwa muda mrefu, akaenda.

Baba alianza. Siku zote anaanza vilevile.

"Nani amekunywa chai ya sukari leo na hajapiga mswaki? Musinidanganye, nitawafungua midomo!"

Wakacheka. Akaonyesha mswaki kwenye jino la mbao, akaeleza kuhusu mtoto anayelala na pipi mdomoni, akaeleza kwamba fizi zinazotoka damu si uchawi wala si wivu wa jirani. Mama Virginie alikuwa anasikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kilichofungwa. Kila dakika iliyopita niliihesabu. Nilisimama kando ya mlango nikiomba Mungu mambo ya kijinga, kwamba mvua inyeshe, kwamba simu ya baba ilie.

Alifika mwisho. Akanyamaza mahali anaponiita. Akina mama wa Kataki walikuwa tayari wamegeuka kunitazama, wanatabasamu, wakisubiri.

"Na Keren?" mmoja aliuliza.

"Leo Keren eko na wagonjwa," baba alisema haraka. "Kuna swali?"

Mama Virginie aligeuza shingo akanitazama. Nilijifanya napanga pamba. Nikasema moyoni, imepita, Bwana asifiwe, imepita.

Ndipo mkono ukainuka benchi ya nyuma.

Alikuwa msichana, hata miaka ishirini hajafikisha. Alikuwa na mtoto mapajani, na ncha ya kitenge ameiweka mdomoni mwa mtoto kama anamfuta mate. Nilikuwa nimemwona tangu anaingia. Hakuiondoa ile ncha hata mara moja.

"Dokta, naitwa Gracia," alisema. "Mutoto akiwa mudogo sana, munaweza kumung'oa meno?"

"Eko na miezi ngapi?"

"Saba."

"Na meno ngapi?"

"Mawili."

"Juu ya nini tuyang'oe, Mama?"

Gracia aliangalia kulia na kushoto. Kisha akaivuta ile ncha ya kitenge. Mtoto alifurahi kuachiliwa, akacheka na baraza zima, na wote tukayaona: meno mawili meupe, ya juu, chini hakuna kitu.

Mama aliyekaa karibu na Gracia alijisogeza pembeni kidogo tu, kiasi cha kiganja. Na Mama Virginie, mbele pale, alipiga ishara ya msalaba. Niliona kwa macho yangu.

"Mama mukwe wangu anarudi leo kutoka Niemba," Gracia alisema. Alikuwa anaongea haraka sasa, machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Bwana wangu eko mbali, anafanya kazi Manono. Niko peke yangu. Mama mukwe akiona hii... Ninawaomba muyatoe sasa. Yakitoka, ya chini yatakuja, hakuna muntu atajua."

"Mama," baba alisema kwa sauti ya upole kabisa, "hii hapana ugonjwa. Hapana laana. Ni meno tu, yamepitia mulango mwingine. Tukiyatoa tutamuumiza bure."

"Weye unasema hivyo kwa sababu uko dokta. Mama mukwe ataniuliza." Alimkumbatia mtoto kifuani. "Dokta, umekwisha kuona mumoja aliyekuwa mukubwa? Mumoja tu. Unionyeshe, nikamuambie nimemuona na macho yangu."

Baba alikuwa ameshika jino lake la mbao kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Akina mama wa mtaa walikuwa wanamtazama yeye, wananitazama mimi, hawaelewi kumetokea nini leo. Baba angenitazama, pengine ningekasirika nikanyamaza. Lakini alikuwa amenipa neno lake, na alilishika huku linamuumiza, hakuinua macho.

Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo. Nilimwona Germain katika shati lake la Jumapili akisema sijui, sijui. Niliona kesho, viti tulivyoazima kwa jirani vimepangwa na hakuna mtu anayekuja kuvikalia. Nilifikiria kukimbilia ndani. Kisha mtoto wa Gracia akacheka tena, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anapaswa kuogopa.

"Mie," nilisema.

Nikarudia.

"Mie njo mumoja. Nilianzia juu."

Nilipita katikati ya benchi, kila hatua nzito, nikamchukua mtoto mikononi mwa Gracia. Niliweka kidole kwenye ufizi wake wa chini, akaniuma kwa yale meno yake mawili. Niligeuka nimebeba mtoto. Sikumtazama Mama Virginie. Nilimtazama Gracia tu.

"Niko na miaka makumi mbili na saba. Meno yangu ya utoto yalidondoka yote, yote ishirini. Papa yangu njo ule. Mama yangu ule pale na fagio. Bibi yangu aliyekataa kunibeba eko Baraka, anapita miaka makumi tisa, anakula ugali kila siku. Yee njo alipoteza meno yote, hapana mie."

Wakacheka, Gracia akacheka na kulia kwa pamoja, na mama yangu akainua fagio lake juu ili aonekane. Na katikati ya kicheko kile nikasikia benchi ya mbele ikikwaruza sakafu.

Mama Virginie alikuwa amesimama. Alikaza kitambaa chake chini ya taya. Alienda mpaka kwenye meza, akachukua kile kifurushi cha maharagi aliyonipa, akakiweka kwapani. Alipita mbele yangu, macho yamenyooka, akatoka langoni.

Baraza zima liliona. Nilibaki nimeshika mtoto wa mtu mpaka Gracia alipomchukua taratibu, akanibana mkono, akaondoka naye pia.

Germain alifika saa tano, anatabasamu kwa wasiwasi.

"Mama eko wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nimekaa kwenye benchi tupu, na kila neno lilinitoka kama linang'olewa. Sikulia. Nilikuwa nimekauka.

"Umesema mbele yake?"

"Mbele ya wote."

Nilingoja apige kelele. Alikaa kando yangu, pole pole, kama mzee.

"Alichukua maharagi?"

"Alichukua."

Aliweka mikono kichwani. "Basi," alisema.

Neno hilo moja lilinitisha kuliko kelele zote. Tulikaa hivyo, mabega yanagusana, hakuna anayethubutu kumwangalia mwenzake. Kisha akainua kichwa ghafula.

"Keren, mama hajui huu muji. Hajui hata njia ya kwangu. Alikwenda na nani?"

"Peke yake. Kwa miguu."

Wazo lilitujia kwa pamoja: boti ya Moba. Germain aliruka kwenye pikipiki. Alirudi baada ya muda, jasho linamtiririka. Bandarini hakuna. Nyumbani hakuna. Kwa ndugu zake hakuna. Alikwenda tena mpaka daraja la Lukuga, akauliza kwa wauza dagaa, akarudi tena mikono mitupu. Sasa hofu yangu ilikuwa imebadilika sura. Nilikuwa najua kitu ambacho Germain hakukijua.

"Germain, sikiliza. Ule uvimbe haujakwisha. Akitembea kwa jua, homa ikirudi, ukishuka kwenye shingo, muntu anaweza kukosa pumzi. Tumupate leo. Haraka."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alishika uso wangu kwa mikono yake miwili yenye mafuta, pale barazani, mama yangu akiona, baba yangu akiona.

"Nikimupata," alisema, "aseme nini, asiseme nini, kesho niko hapa. Na wazee au bila wazee. Asubuhi nilikuambia sijui. Sasa najua."

Ni neno nililolitamani tangu alfajiri, kwa mwaka mzima. Lilikuja wakati sina nafasi ya kulifurahia.

"Mupate kwanza," nilimwambia.

Hakuhitaji kumtafuta. Alikuwa bado hajawasha pikipiki wakati nyingine iliposimama langoni, na Mama Virginie akashuka. Vumbi mpaka magotini. Kifurushi hana. Alimsukuma Germain pembeni kwa mkono kama anavyosukuma pazia, akaja moja kwa moja kwangu.

"Maji," alisema.

Nilimletea. Alikunywa kwa upande mmoja wa mdomo, mengine yakamwagika kidevuni. Sote tulisimama kumzunguka.

"Nilikuwa kwa ule mutoto. Gracia. Nilimungoja hapo nje, nikamufuata nyuma mupaka kwao, kule Lubuye. Ni mbali, bana."

"Kwa Gracia?" Germain alishangaa. "Mama, tulikutafuta mupaka kwenye boti!"

"Boti ya nini? Mie niko na jino la kutoa hapa." Alimkazia macho, kisha akanigeukia. "Nilikaa kule, nikangoja. Mama mukwe wake alipofika, bado anashuka kwenye lori, nikamupa maharagi. Mie siwezi kuingia kwa watu mikono mitupu kama niko na neno la kusema. Yalikuwa ya kwako, najua. Nitakuletea ingine."

Nilipokea kikombe mkononi mwake.

"Neno gani, Mama?" baba ndiye aliyeuliza.

"Nilimuambia, mama, mujukuu wako ameanzia juu. Musimuogope. Hata kwangu kuna mumoja anaingia, njo muke wa mutoto wangu, nimemuona leo, eko na meno mazuri kunipita mie na weye." Alivuta pumzi. "Alikasirika. Halafu akalia. Halafu akasema atakuja hapa kesho kutwa kukuona na macho yake. Keren, umuonyeshe yote, hata ya nyuma."

Germain aligeukia ukuta wa baraza akauwekea paji la uso. Mabega yake yalitikisika.

Mama Virginie alikaa kwenye benchi, akanivuta nikae kando yake. Akashusha sauti, lakini wote tulisikia.

"Nilikuwa na mudogo wangu. Meno mawili, vile vile kama ya ule mutoto. Nilikuwa na miaka saba. Siku moja niliamka, hakuwa kwenye mukeka. Nikauliza mama, akaniambia amelala. Sikuuliza tena. Miaka makumi tano, sikuuliza." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa. "Leo ulipomubeba ule mutoto, niliogopa sana. Hapana weye. Niliogopa nitarudi kwetu na kunyamaza tena. Njo nikasimama. Ningekaa kidogo, nisingesimama."

Nililia hapo, mimi niliyekuwa nimekauka. Alinitazama nikilia kwa muda, kisha akanigonga gotini.

"Imetosha. Kiti chenu njo wapi? Jino linaniua."

Nilimlaza kwenye kiti, nikawasha taa, nikavaa glavu. Baba alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa ananiachia kazi. Nilichukua sindano ya ganzi. Ikatetemeka. Chombo chini. Nilihesabu mpaka kumi, nikaichukua tena, na safari hii mkono ukatulia.

"Mama, ikikuuma, nyanyua mukono wa kushoto. Nitaacha mara moja."

"Sawa."

Alifungua mdomo, akafumba macho. Niliinama. Sikuwa nimemgusa bado, mkono wa kushoto ukanyanyuka, mwembamba, mgumu kwa jembe, ukashika koti langu.

"Bado sijaanza, Mama."

"Najua. Ninaogopa."

"Hata mie."

Alifungua jicho moja akanitazama, karibu sana, kama mtu anayetaka kunikariri.

"Basi tuogope pamoja, mutoto wangu," alisema, akafungua mdomo tena. "Lakini litoe."